Mistari Kumi ya Barabarani

Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe Loisi usirudi jikoni kwanza, uji utangoja. Sauti yangu haifiki mbali tena, na haya nimeyameza miaka hamsini. Nikiyaacha leo nitaondoka nayo. Mchungaji alikuja jana akaniambia nisiogope kifo. Kifo sikiogopi. Namwogopa Osward, anayenisubiri huko.

Ezron, wewe ndiye mkubwa. Nyumba hii na kahawa ya mlimani mgawane na Rozi bila kutazamana kwa jicho la pembeni, na ng'ombe wote wawili ni wa Rozi, maana ndiye aliyewakatia majani. Lakini shamba la bondeni, lile ulilokwisha kumwonyesha mtu wa Tunduma ukidhani sijui, usiliguse. Si letu. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi acheni nijiumbue mwenyewe kabla hakijafika.

Mwaka wa sabini na nne tulihamishwa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, lori likaja, tukaambiwa kila mtu apande na alichoshika mkononi, ulezi wetu ukabaki kwenye vihenge kule mahameni tulikotoka. Kijiji kipya kilipewa shamba la pamoja kando ya barabara, nami nikawa msimamizi wake, kijana kifua mbele, filimbi shingoni. Sasa sikieni ujinga wetu. Watu walikuwa wamechoka, vibanda havijaezekwa, na jembe la wote halina mwenyewe. Nami nilijua wakubwa huja kwa gari na hawashuki. Nikaamuru tupalilie mistari kumi ya barabarani tu. Nyuma yake magugu yalimfika mtu kiunoni. Wageni walipita, wakasifu, nikawaambia shamba lote ndivyo lilivyo, wakaandika kwamba kijiji kinajitosheleza.

Aliyefungua mdomo ni Osward peke yake, jirani yangu tangu kule tulikotoka. Alisema, "Mabwana, shukeni mwingie ndani muone." Nikacheka, nikasema huyu ni mvivu, anapinga ujamaa. Wakampakia kwenye gari lile lile, akakaa mahabusu miezi minne.

Njaa ikaja. Unga wa njano wa msaada uligawiwa vijiji vya jirani. Sisi tulikuwa tunajitosheleza. Tukala mbegu, tukachimba mizizi, watoto wakavimba miguu. Nasema tukala, lakini mimi sikulala na njaa, wanangu. Kurudi mahameni kulikuwa kosa kwa kila mtu, ila msimamizi hakuulizwa aendako. Nilikuwa nachota ulezi kihengeni kwangu, na changu kilipokwisha nikafungua cha Osward. Mkewe alinijia na mtoto mgongoni, akasema, "Shemeji, niruhusu nikachukue ulezi wangu kidogo." Nikamwambia sheria hairuhusu. Na siku hiyo nilikuwa nimeshiba.

Alikufa wiki ile, yeye na mwanawe mkubwa. Osward alipotoka alikuta makaburi mawili, naye hakumaliza mwezi. Yule mtoto wa mgongoni alichukuliwa na mama yenu, marehemu Ferista, akamkorogea uji wa ulezi niliouleta mimi. Hakujua ulikotoka.

Ni wewe, Loisi. Ulijua wazazi wako walikufa kwa njaa; hukujua ni nani aliyewafungia chakula chao. Watu waliporudi kwenye mashamba ya zamani nikalima na la bondeni, la baba yako, nikasema namtunzia yatima. Uongo. Nililipenda.

Nipeni pumzi kidogo.

Ezron, mwiteni balozi wa nyumba kumi leo, si baada ya matanga, aandike kwamba bonde lote ni la Loisi. Ukibishana na Loisi, radhi yangu huna. Mimi nizikeni huku juu, mbali na makaburi yale, sitaki kulala karibu nao. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape ulimi usioogopa gari la mtu. Rozi, nishike mkono, una baridi... au ni wangu.

Loisi, mwanangu, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo. Miaka yote hii kila uliponiletea uji sikukutazama usoni. Sasa umejua. Ukitaka kuninywesha, ninyweshe. Usipotaka, mtu asikulazimishe.

Kikombe hicho, nakisikia kinagonga sahani. Unakuja, au unatoka? Loisi... macho yangu hayauoni tena mlango.