Siku ya Kufua Nguo Zangu

Klever, mwanangu, na wewe Nube, tegeni masikio, na msiukimbize ujumbe huu. Nube, mimi najua. Ulipokuja mara ya mwisho, wakati wa kupanda viazi, nilikusikia pale uani unasikiliza kitu kwenye simu yako, kisauti chembamba kinapayuka kama kuku aliyefukuzwa jikoni, nikakuuliza, huyo nani anayegombana hivyo? Ukaona haya, ukasema, "Ni wewe, Mama, ule ujumbe wako wa juzi. Huwa nauongeza mwendo, nina kazi nyingi." Iliniuma, maana nilikuwa nimepanda ngazi zote zile kwa magoti haya mabovu ili nikusimulie taratibu jinsi ng'ombe wetu alivyozaa. Leo nisikilizeni kwa mwendo wangu, na nikinyamaza mjue navuta pumzi, msidhani nimemaliza.

Nasemea kitandani, humu humu katika jiko la zamani. Zoila, mama yako wa ubatizo, Klever, ndiye aliyeniwekea simu kifuani, na nikimaliza atapanda nayo ghorofani, kwenye nyumba yako, maana mtandao haushuki huku chini kwetu. "Sema, mwenzangu, chaji ipo tele," ananiambia, na huku anajifanya anapuliza moto kumbe anafuta machozi. Daktari wa mjini hakunificha, nami siwafichi: naondoka, na sidhani kama nitaona mahindi ya mwaka huu yakivunwa.

Nianze na mali, ili msije mkagombania vyungu. Klever, ile nyumba kubwa ni yako, umeijenga kwa jasho la huko Niu Yoki, ina vioo vya bluu na nguzo za mbele na mabafu ambayo hakuna aliyewahi kuoga ndani yake, na tangu mafundi waondoke anayeingia humo ni mimi tu, nikitafuta mtandao. Nimeifagia kila Jumamosi, lakini kulala sikulala humo hata siku moja, na uliponiuliza nilikudanganya kwamba ni baridi. Si baridi, mwanangu. Nyumba ile ukikohoa inakuitikia, basi unajua kabisa kwamba uko peke yako, na afadhali mimi nikohoe hapa nikisikia simbilisi wangu wa kufuga, wadogo kama sungura, wanavyolialia chini ya kitanda. Shamba la viazi lililo karibu na kaburi la baba yenu Segundo ni la Nube, pamoja na jiko hili la udongo, na ng'ombe na ndama wake. Simbilisi wote ni wa Zoila, na asitokee mtu wa kumhoji.

Sasa hii simu. Sitaitukana, nisije nikawa mtovu wa shukrani. Klever ulipoondoka, sauti yako niliipata kwenye kibanda cha simu mjini, nimebanwa katikati ya akina mama wengine, kila mmoja analia kwa zamu yake. Uliponitumia hii, nilimwona mwanao Emeli siku ile ile aliyozaliwa, kichwa kimejaa nywele kama zako, nikapiga kelele hadi majirani wakadhani nimevamiwa. Zoila alipoteleza mtaroni akavunjika mguu, simu ndiyo iliyomwokoa. Bila hii ningekwisha kufa kwa ukiwa, haki ya Mungu. Lakini upo ukiwa mwingine ambao ni hii yenyewe iliyoniletea, na huo sikuujua hapo kabla. Ile siku yangu ya kuzaliwa mlinijazia keki za picha, mioyo, vikaragosi vinavyocheza, binamu zenu wa mpaka Uhispania wakaandika, simu ikalia kutwa nzima, nami nimekaa pale juu kwenye sakafu nikisema ahsante, ahsante, na mlango wangu haukugongwa. Nilishuka nikapasha mahindi yangu ya kuchemsha, nikala nimesimama. Najua mlinipenda siku ile. Nililia hata hivyo.

Halafu ile picha. Eh, leo nitaisema, hata kama hamtaki. Nube, ulinipiga picha natoka shambani, miguu peku, mzigo wa majani ya simbilisi mgongoni, ukaibandika huko mnakobandika mambo yenu, ukaandika kwamba mimi ni shujaa wako. Watu wakaimwagia mioyo. Akatokea mmoja, wala simjui ni nani, akauliza kama bibi huyu hana watoto ng'ambo wa kumnunulia viatu. Klever ukaisoma ukiwa kazini, juu ya paa la watu, ukawaka moto: "Unanidhalilisha, Nube! Mimi navunjika mgongo huku, wewe unamwanika Mama kama ombaomba!" Na wewe binti yangu hukukubali kushindwa: "Njoo basi umvalishe hivyo viatu mwenyewe, mheshimiwa wa dola!" Mbele ya ukoo mzima, ndani ya kundi la familia, na shangazi zenu wanasoma wakitafuna. Klever ukajitoa kundini, na tangu hapo kila mmoja ananipa mimi salamu nimpelekee mwenziwe, mara nyingine hata salamu hampeani. Na katika makelele yote yale hakuna aliyeniuliza mimi mwenye miguu. Viatu nilivivua mwenyewe, jamani! Udongo uliotoka kulimwa ni laini, na nilikuwa na furaha, mwanangu alikuwa amekuja kunitembelea.

Zoila, niinue kidogo. Hapo, hapo panatosha.

Mnakumbuka Tano ya baba yenu? Siku ya tano baada ya kumzika tukashuka mtoni na nguo zake zote, na shuka alilofia, tukazifua kwa povu la mkonge, maana mtu hawezi kwenda mbali akiwa na jasho lake mgongoni. Klever ulikuwa mdogo, uling'ang'ania poncho lake, lile vazi zito la sufu, mpaka likakuvuta ukatumbukia, sote tukacheka huku tunalia, na Nube ndiye aliyekutoa kwa kukukamata nywele. Mlirudi nyumbani mmejifunika blanketi moja.

Sasa tazameni walivyomfanyia marehemu Abelino, yule wa mlimani. Wanawe wote wako Niu Jezi. Wakamlipa mtu mwenye simu juu ya kijiti, akawarushia mazishi moja kwa moja, anatangaza kama mpira wa miguu, "Wekeni mioyo, ndugu zetu, wekeni mioyo!" Ilipofika Tano, nguo zikapelekwa mjini kwa dobi wa mashine, simu ikaelekezwa kwenye kile kidirisha cha duara, watoto wakatazama shati la baba yao likizunguka. Zikarudi zimekunjwa ndani ya nailoni, zinanukia marashi. Mjane akafungua, akanusa, akatuuliza, "Hizi ni za nani?" Tukamkalisha, tukampa chai.

Kwa hiyo nausia. Mimi sitaki mashine wala mtu wa kulipwa. Nube, kutoka hapo Cuenca unakokaa ni basi moja tu, basi moja, mwanangu, watu wanapanda kuja kuuza jibini na kurudi. Njoo unifulie kwa mikono yako. Na kama kazi itakuruhusu, njoo kabla ya hapo, nikushike uso. Usinitumie tena ua la kwenye simu, ninayo mengi humu. Jina langu mliondoe huko mnakobandika mambo, nisije nikatakiwa maisha marefu nikiwa kaburini. Na siku hiyo mtoni sitaki simu. Hata moja. Nimesema.

Maji, Zoila.

Haya. Nilisema sitaki simu. Lakini nimemfikiria Klever. Wewe huwezi kuja, mwanangu, vibali vyao hujapata, ukitoka hutarudi kwa Emeli, na nakukataza kabisa, unanisikia, nakukataza kupita tena ile njia ya panya ya mpakani kwa ajili ya maiti. Sasa siku hiyo utakaa wapi? Katika kile chumba chako cha chini, umejiinamia, dada yako hasemi nawe, unatazama picha yangu? Hapana. Hapana, nalirudisha neno langu. Nube, nenda na simu mtoni, pale darajani mtandao upo. Mpigie kaka yako. Yeye peke yake, si kundi. Mweke juu ya jiwe kavu aone maji, aone mikono yako.

Na wewe Klever... ile skafu ya sufu. Niliyokuvisha alfajiri ile ulipoondoka. Uliniambia hujaifua mpaka leo kwa sababu ina moshi wa jiko letu, na Emeli huwa unamnusisha. Siku hiyo itie kwenye beseni. Najua. Najua harufu itatoka, baba. Acha itoke. Nube atafua huku, wewe utafua huko, na mfue mkiongea, hata mkitukanana, alimradi ni kwa midomo yenu, na asikate mtu mpaka nguo zimeanikwa.

Mungu Baba awafunike. Klever, mwili wako na mgongo wako uliochoka, nakubariki. Emeli, ambaye sijawahi kumbeba, namtia msalaba hapa hewani, Zoila anaona. Nube, miguu yako ya kuja...

Subiri, Zoila, usiondoe kidole. Bado kidogo.

Nube. Ukishausikia ujumbe huu usijibu kwangu. Mpigie kaka yako. Usimwandikie, mama. Mpigie.