Ukoo wa Sheba

Wapendwa, mnisamehe nikishika hiki kiti, sijazoea kusimama mbele ya watu kutoa shukrani. Watu sitawataja majina. Mbwa nitamtaja, kwa sababu hawezi kunishtaki. Anaitwa Sheba.

Wengi wenu mlimjua mzee wangu, yaani mume wangu. Alifuga mbwa wale wakubwa, shepadi, hapa nje ya Kitale, na watu walikuja kutoka Bungoma kuchukua watoto wa kulinda duka ama stoo ya mahindi. Alipoaga, mbwa wengine walichukuliwa na mashemeji, nikaachiwa Sheba. Nikasema hii ndiyo kazi yake iliyobaki, nitaiendeleza. Kwenye mazishi sikulia, mkasema huyu mama ni jasiri. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, haukuwa ujasiri. Ndani hakukuwa na kitu.

Nikampeleka Sheba kwa dume mmoja huko Misikhu. Kazi yetu ina desturi yake: mwenye dume halipwi, anakuja kuchagua mtoto mmoja, yule mzuri kuliko wote. Wengine unauza. Sheba akazaa watoto wanene, wakaenda Ndalu, wakaenda Kamukuywa. Jike mmoja nikabaki naye.

Walipokaribia ukubwa, mwenye duka wa Ndalu akapiga simu. "Mama, huyu kijana wako anaamka kama mzee. Anatetemeka nyuma kwanza, ndiyo asimame." Nikamwambia aongeze maziwa. Si muda, na wa Kamukuywa naye akapiga: wake akikimbia anarusha miguu ya nyuma pamoja, kama sungura.

Daktari wa mifugo akasema ni nyonga. "Inaweza kuwa damu ya wazazi. Inaweza kuwa chakula, ama sakafu inayoteleza. Sheba anatembea sawa, lakini mzazi anaweza kutembea sawa na bado awapitishie watoto."

"Kwa hivyo ni yeye ama si yeye?"

"Sijui, mama."

Nilikasirika bana! Ati daktari mzima anasema hajui. Lakini hata hiyo hasira haikukaa. Ilipita nikabaki vile nilikuwa. Nilikuwa napika ugali wa mbwa na visamaki vya omena, nasimama na mwiko mkononi mpaka nisikie harufu ya kuungua. Simu inalia, naiangalia tu mpaka inyamaze. Chakula changu nilikuwa nakula kwa sababu ni saa ya kula. Msinielewe vibaya, sikuwa na huzuni. Huzuni ingekuwa afadhali.

Na Sheba akaingia joto tena, akawa anataka dume. Nikiacha kumzalisha, kazi ya mzee wangu imeishia hapo. Nikiendelea, labda napelekea watu maumivu kwa boma zao. Hakuna mtu wa kuniambia lipi ni sawa. Yule wa Misikhu akawa anapiga: "Mkwe, mbona huleti msichana?" Nikamfunga Sheba kamba, nikaenda. Sikuwa nimeamua, miguu ilienda tu.

Tukakaa kwa uwanja, akaniletea soda. Alikuwa mtu wa utani, kila saa mkwe, mkwe. Sasa mimi ni Mbukusu, na mnajua kwetu hakuna ndoa kabla watu hawajaulizana ukoo wa baba na ukoo wa mama. Ili nisikae kimya kwa mtu, nikamrudishia utani wake. Nikamwambia, "Haya mkwe, si hata hatukuulizana. Kijana wako ni wa ukoo gani?"

Akacheka. "Huyu nilimtoa kwa rafiki Bungoma mjini. Yeye alikuwa amepeleka dume lake kwa mzee fulani Kitale, akachagua huyu. Aliniambia mama yake alikuwa jike kubwa, sikio moja limelala."

Wapendwa, mama ya Sheba alikuwa na sikio moja limelala. Mzee fulani wa Kitale ni mzee wangu.

Tulikuwa tumeozesha kaka na dada. Ile desturi yetu ya kuchagua mtoto mzuri ilikuwa imezungusha damu moja kutoka Kitale mpaka Bungoma mpaka Misikhu, ikarudi kwangu, na hakuna mtu aliuliza, kwa sababu ni mbwa. Nikaweka soda chini, nikamshika Sheba, nikamwambia yule baba kila kitu. Utani ukaisha.

Sasa mtasema, basi ulipata jibu. Hapana. Daktari alisema hiyo inaongeza hofu, haithibitishi, kwa sababu kuna watoto wa uzao uleule wanakimbia vizuri mpaka leo. Nikaamua hivyo hivyo, bila kujua. Sheba akafungwa kizazi.

Halafu nikaenda Ndalu kumchukua yule mgonjwa. Nilikuta amelala mlangoni pa duka. Akanusa leso yangu, nadhani akapata harufu ya mama yake, akaanza kuinuka. Polepole, anatetemeka. Mwenye duka akasema, "Wa kwenda wapi? Huyu anabweka akiwa amekaa, na wezi hawajui hawezi kukimbia. Nimemzoea. Keti unywe chai."

Nikaketi. Akaleta chai na mandazi, na nikasikia njaa. Njaa yenyewe, ile inauma. Nikaomba mandazi ingine, na hapo machozi yakaja, ya mbwa na ya mzee wangu yote pamoja.

Namshukuru huyo wa Ndalu. Namshukuru daktari kwa ile "sijui" yake, sasa naiheshimu. Nawashukuru nyinyi mliokuja kukaa na mimi bila kuniuliza maswali. Nilichojifunza ni kidogo: ulizeni ukoo hata wa mbwa, na jibu likikosa, amua na ulichonacho.

Yule mtoto jike wa Sheba bado niko naye. Kila asubuhi akiamka naangalia miguu yake ya nyuma kabla sijamsalimia. Leo ameinuka vizuri. Kesho sijui. Lakini chai ya leo nimeimaliza, nikaongeza kikombe.