Kumuaga Nazira, Anayetakiwa Pemba kwa Kadi Zake

Carimo, geuza kiti! Mwanao anaagwa, wewe umeupa mkutano mgongo kama uliyekuja kungoja zamu ya maji. Geuza. Haya, sasa uso tunauona.

Mheshimiwa chefe, mkuu wa kijiji chetu cha Quitunda, shehe wetu, katekista Lázaro, mwalimu Hélder uliyetupa ukumbi wa shule, ndugu wageni mliotoka Quionga, akina mama wenzangu, na nyinyi vijana mnaonirekodi: shikeni simu vizuri, msinikate kichwa. Mimi shule niliiacha darasa la pili, nayo haikunililia. Hotuba nimeisema mimi, ameiandika jirani yangu Inês, na pale alipolainisha maneno yangu nitayakaza tena.

Mjukuu wangu Nazira anatakiwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwenye torneio, yaani mashindano, la kadi. Si karata hizi zenu za mkekani. Kadi hizi zimo ndani ya simu, kila moja na mnyama wake au shujaa wake na nguvu zake. Unazikusanya, unazipanga, unapambana na mtu aliye mbali, yeye hazioni zako wala wewe huzioni zake. Na unapocheza, watu wa nchi za watu wanakutazama papo hapo, wanaita direto. Gari linaondoka tukimaliza hapa. Begi lipo mlangoni. Kinachokosekana ni ruhusa ya baba yake.

Na nani aliyemfundisha baba yake kukataa? Mimi hapa, mwenye mdomo. Nilimwambia: "Humo kwenye simu hamna watu, mna mizuka isiyo na adabu. Mtoto akiizoea hata salamu atasahau." Nilisema kwa sauti yangu hii, hadi watu wa mtaa wa pili wakatoka nje kuuliza nani kafa.

Siku niliyokwenda kumkomesha, nilikuwa nimepaka msiro, ule unga wa mti wa urembo wetu, uso mzima, mweupe kama ukuta uliopigwa chokaa. Nikasimama nyuma ya kiti chake, kidole juu, nafoka. Kumbe direto inaendelea! Wabrazili wakaanza kuuliza: kadi hiyo mpya inapatikana wapi, na nguvu zake ngapi? Nazira akawajibu: "Hiyo haipatikani, wala haizuiliki." Nilikasirika sana. Kesho yake nikarudi, msiro nimeongeza.

Wakimpenda mchezaji, wanamrushia vimaua na vinyota kwenye kioo. Nikasema, ah, kumbe ngoma! Huku ni kutunza. Na mtu akitunzwa bila vigelegele, si aibu ya nyumba nzima? Basi kila ua likiingia, napiga. Kuku wa jirani Amélia wakaacha kutaga, akaja kunilalamikia, nikampa kiti naye akapiga.

Sasa sikilizeni nilivyokaribia kumharibia mtoto. Ilikuwa mechi ya kuamua nani aende Pemba. Wachezaji walikuwa wanasikiana sauti, na yule mwenzake alikuwa anaongea Kireno tu. Nikajua kwa hakika, kwa akili yangu hii ya darasa la pili, kwamba humo hakuna anayejua lugha yetu. Nazira kamshika mamba, kadi yake kubwa, kamficha, anangoja mwenzake ajitanue. Mimi subira nilinyimwa. Nikapaza: "Mtoe huyo mamba, wewe! Unamweka wa nini, kitoweo?"

Kisha ikatoka sauti ya kiume, taratibu: "Shikamoo, bibi. Mimi Rafique, wa hapo Quionga. Mamba nimeshamsikia. Nazira, tuwaombe wenye torneio tuanze upya, ushindi wa namna hii mimi siutaki."

Mnasikia? Mzuka umeniamkia! Hata marahaba ikachelewa. Wakaanza upya, mimi nikiwa jikoni, nimeuma pindo la kanga. Nazira akashinda. Rafique, simama wakuone. Huyu ndiye mzuka wangu. Kashindwa, na bado kaja na mama yake kumuaga aliyemshinda.

Carimo mwanangu, ungesema unaogopa barabara, magari yanavyoshambuliwa, ningenyamaza. Hapa nani haiogopi? Lakini barabara hukuitaja. Umenijibu maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno: humo hamna watu. Basi nirudishie maneno yangu kama unavyorudisha sufuria ya kuazima. Tulipohamishwa vijijini kwetu tukaletwa Quitunda, kila mtu na nyumba yake ya bloko, nilisema hivyo hivyo juu ya nyinyi nyote mlioketi hapa: watu gani hawa, hawana adabu. Nanyi mlisema juu yangu, tena nyinyi hamkukosea. Leo nikiugua, nani ananipikia uji?

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuuvumilia mdomo huu hadi mwisho. Nazira, nakwenda nawe Pemba, na kadi zako usinionyeshe hata nikilia. Chefe, mwambie dereva awashe gari. Na wewe Carimo, acha kunitazama mimi. Simama, chukua begi la mwanao, lipeleke garini.