Mama Yetu na Konokono Aliyepewa Jina Lake

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bwana Konokono, mtafiti wa konokono wa msituni. Kila alipogundua aina mpya, babu aliipa jina la mtu wa nyumbani kwake. Ya kwanza aliipa jina la bibi, ya pili la mjomba wetu, ya tatu la mama, aliyekuwa na miaka sita.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, na habari za konokono zilimtangulia darasani. Wenzake walipomzomea, "Wee konokono, na nyumba yako mgongoni!" aliwajibu, "Angalau yangu. Nyie kwenu mmepanga." Mwaka 1974 alihitimu shahada ya zuolojia katika chuo kikuu kilekile alichosomea kaka yake fani hiyohiyo.

Mwaka huohuo aliajiriwa na jumba la makumbusho, akapewa chumba cha nyuma chenye harufu ya spiriti walimohifadhiwa konokono wa babu, na hapo akainamia hadubini mpaka alipostaafu. Humo chumbani ndimo alimokutana na baba yetu, seremala aliyeitwa kurekebisha makabati. "Taratibu, fundi," mama alimwambia, "droo hiyo ina ukoo wetu mzima." Baba akasema, "Basi ngoja nipige hodi." Akaigonga kweli, kwa kidole. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 1988, akiwapasua konokono hao wenye majina ya nyumbani, mama aligundua kwamba wale wa mjomba na wale wake mwenyewe walikuwa aina moja. Wale wake walidumaa tu kwa ukavu wa mlimani. Fani yao hairuhusu aina moja iwe na majina mawili. La kwanza hubaki, la pili hufutwa, na la pili lilikuwa la mama. Alimwambia mjomba peke yake, jikoni kwetu.

"Kaka, tutaandika wote wawili. Ila tumsubiri mzee aondoke kwanza. Ile ilikuwa zawadi yake."

"Mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja," mjomba alisema. "Halitoki humu ndani."

Lilitoka mwaka uliofuata, katika jarida, kwa jina la mjomba pekee. Alikuwa akiwania uprofesa, na aliupata. Babu alisoma makala hiyo akiwa kitandani, mgonjwa. Alimwita mama akamuuliza, "Ulikuwa unajua?" Mama hakuwahi kumdanganya baba yake. Alisema, "Ndiyo, baba." Babu akageukia ukutani. Alifariki mwezi huohuo, akiamini kwamba wanawe wote wawili walimzunguka.

Watu walipomfariji mama kwamba kikulacho ki nguoni mwako, alisema nguo huvuliwa, ndugu havuliwi.

Februari 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mjomba alikuja hospitalini akitembelea mkongojo.

"Mdogo wangu, sayansi isingesubiri."

"Ingesubiri, kaka. Konokono wale wako kwenye spiriti tangu nang'oa meno ya utoto. Aliyeshindwa kusubiri ni wewe."

"Nisamehe basi."

"Nifunike miguu. Nasikia baridi."

Mjomba alimfunika. Baadaye mama alituagiza tusije tukadai mbele ya kaburi lake kwamba walipatana. Hatudai. Alifariki nyumbani, mkono wake mkononi mwa baba, tarehe 3 Machi 2022.

Juzi mjomba aliomba asitajwe miongoni mwa wafiwa. Lakini mama alikuwa ameshalisemea hilo: "Mtajeni. Angekuwa mtu baki, nisingeumia."

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na kaka mmoja.

Sasa na apumzike, na amani tuliyoshindwa kumpa huku aikute huko.