Njia ya Kwenda Dirishani

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hospitali yetu. Madaktari na wauguzi. Nanyi ndugu zetu mlio vitandani: tumefurahi kuwaona. Sisi ni kikundi cha jamaa tunaowauguza wagonjwa katika wodi hii ya upasuaji. Wengi wetu ni bibi, na msomaji wetu husoma polepole, basi mtuvumilie kama tunavyowavumilia wagonjwa wenu.

Karibu

Umekuja kuizindua wodi iliyopakwa rangi upya. Kuta zimekuwa nyeupe kama maziwa, hata tunaogopa kuziegemea. Hongera, na ahsante.

Tulivyoanza

Kikundi hiki kilizaliwa na huruma. Fundi cherehani mmoja alipasuliwa tumbo, na dada zake wakamlea kama yai. Akitaka kuinuka, wanamwambia, "Lala, mdogo wetu, unataka nini tukuletee?" Akinyoosha mguu, wanaufunika. Zile soksi ndefu za kubana alizovishwa na wauguzi walizikunja mpaka vifundoni, eti zinamtesa mtoto wa watu. Mara shavu la mguu mmoja likavimba, likawa la moto. Dada mkubwa akaleta mafuta amkande. Sista, yaani muuguzi mkuu wa wodi, alimkuta amekwisha kuyamimina kiganjani.

"Dada, hapo usiguse."

Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Sista alituambia kwamba kipande kikichomoka huweza kwenda hadi mapafuni kikamkata mtu pumzi. Fundi alitibiwa, akapona, na ndiye aliyetushonea vitambaa hivi mnavyoviona shingoni mwetu.

Baada ya hapo sista alituketisha kwenye benchi la nje, jamaa wote. Alisema damu ya mtu aliyelala tu huenda polepole, na ikienda polepole hupenda kuganda. Sisi tulimwelewa upesi, maana maji ya mtungini yasiyotekwa nayo hufanya utando. Dawa ya sindano ni kazi yao wauguzi. Kazi yetu ni kumwinua mgonjwa daktari akisharuhusu, na asiyeruhusiwa kuinuka tumkumbushe kupandisha na kushusha vidole vya miguu palepale kitandani.

Tunachojivunia

Mheshimiwa, mgonjwa hapendi kutembea bure. Ukimwambia "tembea," anakuuliza, "niende wapi?" Ndipo tukalipata dirisha la mwisho wa ujia huu. Ukisimama pale unaiona barabara, unamwona muuza mboga akigombana na mteja, unaona kama mvua inakuja. Kila mgonjwa akawa na safari. Hata jina letu lilitoka huko.

Yupo mwashi mmoja aliyepasuliwa ngiri. Tulipomfuata mara ya kwanza alisema, "Bibi, mimi nimepasuliwa, sikuajiriwa utarishi."

Tukamjibu, "Basi, baba, chukua salamu zetu uzipeleke dirishani."

Akaenda, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na chuma cha kushikia cha ukutani kwa mwingine. Aliporudi akasema, "Wamezipokea. Wanauliza mbona hamji wenyewe." Wodi nzima ilicheka, na waliokuwa na nyuzi tumboni wakatuomba tusiwachekeshe tena.

Siku hizi soksi hazikunjwi ovyo. Mguu ukivimba au kuuma, au mtu akibanwa kifua, hatumkandi. Tunamwita sista mbio. Na tangu yule fundi, hatujauona mguu mwingine kama wake.

Kinachotukwaza

Ni kidogo tu. Mafundi rangi walipokuja, makabati ya chuma yalitolewa wodini yakapangwa mwisho wa ujia. Rangi imekauka, makabati yamebaki. Yameziba dirisha na nusu ya chuma cha kushikia, na stendi ya dripu haipati pa kugeukia. Tumeuliza, tukaambiwa pale yanafaa, hayamsumbui mtu.

Jana mwashi alifika pale, akagonga kabati: "Hodi. Naona wenyewe wamehama." Alirudi akajilaza. Leo asubuhi wagonjwa watatu wametuambia hawana haja ya kwenda kuangalia kabati. Wiki iliyopita sista alimkuta shangazi mmoja mguu umemvimba. Alipimwa, haikuwa damu iliyoganda, tukashukuru. Lakini usiku ule hatukusinzia, maana shangazi huyo alikuwa ameacha kutembea tangu dirisha lizibwe.

Ombi letu

Hatuombi kujengewa kitu, Mheshimiwa. Tunaomba kurudishiwa dirisha.

Na kabla hujaenda kunywa chai, tuna jambo dogo. Mwashi ameketi ukingoni mwa kitanda chake, pale karibu na mlango. Daktari amemruhusu, soksi amezivuta hadi magotini, viatu amevaa. Anasema ana salamu za kupeleka, na leo anataka kusindikizwa na mkubwa. Tembea naye kwa mwendo wake, usimvute. Akifika kabatini atabisha hodi. Tunaomba safari hii wewe ndiye umwitikie.

Mungu aibariki mikono inayopasua na inayoshona, awape wagonjwa wetu miguu ya kurudia kwao, nawe akupe afya, usije ukatuhitaji. Ila ukituhitaji, tutakuinua.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Twende Dirishani
Wodi ya Upasuaji