Mechi Iishe Kabla ya Taka

Kijiwe chetu kiko Al-Sulay, Riyadh, nyuma ya ghala la matairi: paleti tatu zilizopandana, ya nne imesimamishwa ya kuegemea, na kipande cha zulia ambacho hakuna aliyewahi kukiri kakitoa wapi. Tunakaa Ijumaa asubuhi, wenye kwenda msikitini hawajaondoka na wenye kulala hawajazidiwa. Vincent, karani wa ghala, tunamwita Takwimu, maana anakumbuka matokeo ya mechi zilizochezwa babu yake akiwa kijana. Protus anaendesha Hiace na ndiye kapteni wa timu yetu ya basketi. Huyo ni Katiba, hata kikombe hapokei bila kuuliza kanuni inasemaje. Mbarouk wa Unguja, mpishi wa kambi, ni Dele, kwa lile dele lake la kahawa ya tangawizi, ambalo lisipokuja sisi ni wanaume watano tuliokalia mbao. Na Solomon, mpakiaji, mtu wa Webuye, ni Akiba. Misimu miwili yuko kwenye timu, misimu miwili hajainuka benchi. Ijumaa ijayo ni mechi ya nyota: Wakenya na Watanzania wa Riyadh dhidi ya wenzao wa Jeddah, huko huko Jeddah. Kura zilipigwa kwa simu. Akiba kapata arobaini na moja, kaingia kikosi cha kwanza, na kijiwe kimekosa usingizi.

Takwimu: Kura arobaini na moja, zote za akina dada wanaofanya kazi za ndani kule Jeddah. Manze, hakuna hata mmoja amewahi kuona Akiba akishika mpira.

Katiba: Wangeona, wasingepiga.

Akiba: Metrine aliomba marafiki zake. Sikatai. Kwani Marekani, kwenye mechi yao ya nyota, mashabiki hawapigi kura?

Takwimu: Wanapiga, lakini siku hizi kura zao ni nusu tu. Robo ni ya wachezaji, robo ni ya waandishi. Walibadilisha baada ya mashabiki kukaribia kumwingiza mtu hata yeye mwenyewe hakujitarajia.

Dele: Basi huyo ni nduguye Akiba. Mwacheni bwana, ale kura zake.

Metrine ni mkewe. Yeye ndiye alitangulia, akaajiriwa Jeddah katika nyumba ya watu kumi na mmoja. Akiba akaona amfuate. Ajenti akamwekea mkataba wa Riyadh mezani, akamwambia Saudi ni Saudi, naye akasaini akidhani kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kama kutoka Webuye hadi Bungoma, unarukia pikipiki umefika. Ni kilomita mia tisa na hamsini. Amekaa nchi moja na mkewe miezi kumi na tisa na hajamwona hata kwa mbali. Kafili wake, yule mwajiri anayemdhamini, habari ya mke haikumwingia. Alipoona barua ya timu yenye muhuri, akasema yalla, nenda kacheze, Jumamosi alfajiri uwe kazini.

Katiba: Ya kura imepita. Leo tunaamua mechi itachezwa vipi. Kapteni wa Jeddah anataka jibu kabla ya adhuhuri.

Akiba: Robo nne, dakika kumi kumi, saa haisimami. Halas.

Katiba: Wewe ulikuwa hujui robo ni nini mpaka juzi.

Takwimu: Hebu niwapange. Hii mechi ya nyota ilianza elfu moja mia tisa hamsini na moja, mji wa Boston. Mashariki dhidi ya Magharibi. Walitaka kuwarudisha watu uwanjani baada ya vijana wa vyuo kukamatwa wakiuza mechi. Na sisi tuko sawa kabisa, Riyadh ni mashariki, Jeddah ni magharibi. Hata ramani imetuunga mkono.

Akiba: Sawa. Mashariki, Magharibi, robo nne.

Takwimu: Ngoja. Elfu mbili kumi na nane wakaona imechosha. Makapteni wawili wakawa wanachagua watu, awe wa mashariki, awe wa magharibi, kama watoto uwanja wa shule.

Dele: Hiyo siitaki. Mie nilikuwa wa mwisho kuchaguliwa toka madrasa. Nimekuja mpaka Uarabuni kuikimbia, isinifuate.

Mimi: Dele, wewe huchezi. Wewe unabeba maji.

Dele: Hata wa maji ana moyo.

Takwimu: Halafu elfu mbili na ishirini wakaleta ya shabaha. Robo ya mwisho haina saa. Unachukua pointi za anayeongoza, unaongeza ishirini na nne, wa kwanza kufika ameshinda. Tamu hiyo, bana. Mtu akifunga ya mwisho, mechi inakatika hapo hapo.

Katiba: Hiyo ndiyo tutacheza.

Akiba: Hapana.

Katiba: Hapana kwa kanuni gani?

Akiba: Haina saa, Katiba. Tukikosa kufunga je? Unajua tunavyofunga. Mwaka jana dakika sita nzima hatukupata hata moja. Shabaha itatuweka huko mpaka Ramadhani ianze.

Hapo alisema kweli, na kweli ikiingia kijiweni kila mtu hutazama kikombe chake. Lakini Takwimu alikuwa ameshawaka.

Takwimu: Elfu mbili ishirini na nne wakarudia Mashariki na Magharibi. Wakafunga karibu pointi mia nne kwa pamoja. Walinzi wamesimama kama watu wanaongoja lifti. Mwaka uliofuata wakagawa timu nne, mashindano madogo. Tena wakaja na timu tatu: mbili za Wamarekani, moja ya Dunia. Kila mechi dakika kumi na mbili.

Katiba: Enyewe hiyo tunaweza. Uwanja tutakaochezea huko Jeddah, ule wa Bani Malik, ni wa Wafilipino. Wao wawe Dunia.

Mimi: Wafilipino watatufunga mpaka tuombe radhi ubalozini.

Akiba: Timu tatu ni mechi tatu. Mechi tatu ni mapumziko. Hapana.

Dele: Nisikilizeni mie sasa. Nyinyi mnagawa watu kwa miji, kwa rangi za pasi, kwa makapteni. Mngegawa hivi: timu moja ya wenye hamu ya kwao, timu ya pili ya waliokwisha zoea hapa. Hapo ndipo mtaona mpira.

Katiba: Na mimi utaniweka wapi?

Dele: Si umezoea? Miaka tisa.

Katiba: Nani amezoea? Mimi kila nikiwasha gari asubuhi nasikia jogoo wa mama. Na Al-Sulay yote haina jogoo.

Takwimu: Mimi usiniweke huko pia. Binti yangu amejifunza kusoma nikiwa hapa. Ananisomea kwa simu, mimi nasema ndiyo, ndiyo, na kitabu chenyewe sikioni.

Dele alitutazama mmoja mmoja. Timu ya waliozoea ikakosa mchezaji wa kwanza, ikakosa wa pili, ikakosa wa kubeba maji. Ikabidi akusanye vikombe ajaze upya, ili tuwe na kitu cha kupuliza.

Katiba: Tuseme ukweli, Akiba. Wewe mpira haukuhusu. Unapigania saa tangu tuketi. Kuna nini?

Akiba ni mtu mkubwa, mabega ya kupakia matairi, na akitaka kusema jambo lake hutazama kwanza viatu.

Akiba: Metrine hatoki. Ijumaa ndiyo siku ya wageni, madam hamwachii. Uwanjani hatafika. Lakini jioni anapeleka taka. Adhana ya magharibi ikianza, bosi na wavulana wanaenda msikitini, madam anaingia kusali, yeye anashuka na mfuko mpaka kwenye pipa la mtaa. Ni dakika mbili. Tatu kama kuna maboksi.

Takwimu: Kila siku?

Akiba: Kila siku. Ameniambia niwe kando ya pipa kama mtu anayeokota maboksi. Wako wengi huko, hakuna anayewatazama.

Katiba: Na ukimwona utasema nini kwa dakika mbili?

Akiba: Sijui. Nitapokea ule mfuko niutupe mimi. Yeye asimame tu.

Nimefanya vichekesho jukwaani miaka mingi, na kanuni ya kwanza ni kwamba kimya kikiingia, ukijaze. Nilitafuta maneno. Niliyoyapata yote yalikuwa madogo kuliko ule mfuko.

Katiba akatoa simu, si kwa kuandika, kwa kupiga hesabu.

Katiba: Wafilipino wanamaliza ligi yao saa kumi na moja. Tunaanza papo hapo. Robo nne za dakika kumi, arobaini. Mapumziko nawapa kumi, anayetaka maji anywe akikimbia. Saa kumi na mbili kasoro kumi, imekwisha. Kutoka Bani Malik hadi kwa Metrine?

Akiba: Dakika ishirini kwa gari.

Katiba: Naendesha mimi, ni ishirini hiyo. Saa kumi na mbili na dakika kumi. Adhana?

Dele: Kumi na mbili na kama robo hivi, msimu huu.

Takwimu: Inaingia. Kwa wembamba, lakini inaingia.

Dele: Si umwachie aondoke mapema? Kwani akitoka uwanjani kitapungua nini?

Katiba: Wachezaji waliopata ruhusa ni watano tu. Na gari ni langu, nami niko uwanjani. Nikiondoka naye wanabaki watatu. Hapana, tunacheza Mashariki na Magharibi, kama Boston, saa haisimami. Wakituzidi, watuzidi kwa wakati.

Takwimu: Na mtu akianguka asilale chini.

Mimi: Na asiyefunga asilalamike kwa refa. Malalamiko yanakula dakika.

Katiba: Akiba, wewe usiguse mpira. Ukikujia, mpe mtu.

Akiba: Ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Tukacheka, na cheko lile lilitupendeza kuliko la kawaida, kwa sababu kwa mara ya kwanza kijiwe kizima kilikuwa kimekubaliana juu ya kitu. Takwimu alimpiga Akiba bega. Dele akasema atasoma dua ya kufupisha mechi, akakiri hana uhakika kama ipo.

Ndipo alipofika Charity. Ni nesi wa mkataba, mgeni mjini, wiki yake ya tatu, amevaa abaya mpya yenye mikunjo ya dukani. Alikuja na mfuko wa unga na majani ya chai ili tumpelekee dadake, Lydia, anayeishi Bani Malik. Tulimpisha kwenye paleti, Dele akampa kikombe. Kwa vile hatukuweza kujizuia, tukamsimulia mpango wote: kura, saa, Hiace, pipa. Kila mmoja alishika kipande chake. Charity alisikiliza hadi mwisho, akapuliza kahawa, akamtazama Akiba kwa huruma ya mtu aliyezoea kupokea wagonjwa.

Charity: Nilicheza kidogo nikiwa sekondari. Na mechi ikiisha sare?

Takwimu, mwenye mechi zote za tangu babu yake, aliinua vidole vitano. Sare ni dakika tano za nyongeza, zile zile tulizokuwa tumebakiza kabla ya adhana. Na kuikwepa sare kwa kukubali kufungwa makusudi, mbele ya Jeddah, hilo kapteni wetu hajawahi kulisema hata usingizini. Dele aliinamisha dele lake juu ya kikombe cha Akiba. Yalitoka matone mawili, kisha mabaki ya tangawizi, kisha basi.

Akiba hakumtazama yeyote. Alitazama viatu.

Katiba alikuwa ameshaanza kumwandikia kapteni wa Jeddah, nami nilikuwa karibu, nikaona skrini. Ameandika mashariki na magharibi. Ameandika robo nne, dakika kumi kumi, saa haisimami. Chini yake akaandika: *Na tukiwa sare*. Kidole kikabaki juu ya herufi, na msikiti wa jirani ukaanza kuadhini adhuhuri.