Karatasi Iliyosafiri na Mahari

Kaka na dada, nimeombwa niseme kwa kifupi, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Sitataja jina la mtu yeyote. La kwangu linajulikana hata nje ya chumba hiki, na jinsi lilivyotoka ndiyo habari yenyewe.

Kabla ya vita tulikuwa ng'ambo ya mto, kundi letu la wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kila mmoja na kadi yake ya matibabu. Mimi nilikuwa katibu. Mama mmoja fundi wa kompyuta alinifundisha kupiga picha kadi zote na kuzihifadhi mtandaoni. Picha inafungwa kwa neno la siri humo humo ndani ya simu, ndipo inapanda, na hata kampuni inayoitunza haiwezi kuisoma. Niliipenda sana. Mnajua mtaani jina likivuja linafanya nini.

Akanipa pia maneno kumi na mawili ya kuokolea, ikiwa simu itapotea. Yalikuwa ya Kifaransa, hayahusiani hata kidogo: kondoo, dirisha, Jumatatu, shaba, na kuendelea. "Andika karatasi mbili," akaniambia, "moja umupatie mutu mwingine." Nikasema ndiyo, Mama. Nikaandika moja. Nimpe nani? Hata kaka yangu niliyekaa naye hakujua ugonjwa wangu.

Karatasi nikaishikiza kwa nyuzi mbili ndani ya mikunjo ya kikwembe kipya, kitenge cha pièce nzima, nikakirudisha kwenye plastiki yake. Bon. Miezi ikapita, kaka akapeleka mahari, na kwetu dada wa bwana harusi haendi mikono mitupu. Kikwembe nilikitoa mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, mbele ya wakwe, nikitabasamu. Karatasi haikunijia akilini kabisa. Ndiyo, chekeni.

Kisha vita vikafika ng'ambo. Wengi wenu mlikuwepo, sina haja ya kueleza. Kituo chetu cha afya kiliungua pamoja na rejista zake. Nikikimbilia mtumbwi, watu wenye mapanga walinisimamisha kwenye kizuizi wakachukua simu yangu.

Upande huu wa mji muuguzi alitupokea vizuri. Wa dawa za kawaida aliwapa siku hiyo hiyo. Lakini wachache wetu tulikuwa kwenye dawa za daraja la pili, za wale ambao za kwanza zimewashinda, na hizo alikataa kubahatisha. Alitaka kadi. Mmoja wetu alikuwa na mimba, amebakiwa na vidonge vya siku tisa, na kadi yake imeungua. "Katibu iko nazo zote," akasema. Wote wakanigeukia.

Nikasema ninazo. Nilikwenda kwenye duka la intaneti, nikajaribu neno la siri, likakataa. Lilikuwa refu, na miaka yote ile simu ndiyo iliyolikumbuka, si mimi. Nikaandikia kampuni. Wakajibu kwa adabu kwamba wao ufunguo hawana na hawajawahi kuwa nao. Jambo lile lile lililonifanya niwapende, siku hiyo lilinifanya nilie mbele ya watu.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliwadanganya. Siku ya kwanza nilisema réseau ya intaneti ni mbaya. Siku ya pili, umeme hakuna. Siku ya tatu yule mama mwenye mimba alikuja kunigongea mlango, nikanyamaza ndani kama mwizi. Alikuwa amebakiwa na vidonge vya siku sita.

Alipoondoka, nilimwona dirishani mke wa kaka yangu akikunja vikwembe uani. Ndipo nikakumbuka karatasi ya maneno ilikokwenda. Kwetu, kuomba kitu cha mahari kirudi ni kuwaambia wakwe wamchukue binti yao. Tena bokilo wetu, mama yake huyo wifi, alikuwa ametununia miezi mingi, na hatukujua kwa nini.

Nilimfuata peke yangu dukani kwake, upande huu huu wa mto. Ni mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini, mama wa kanisa, si wa maneno mengi. Alinikalisha juu ya gunia la maharage. Nilipotaja kikwembe, uso wake ukabadilika.

"Nilishakikatisha," akasema. "Na kile mulitia ndani, nilikiona."

Akachukua Biblia, akatoa karatasi yangu. Fundi wa cherehani ndiye aliyeiona, akakataa kuendelea kushona. Kundi la sala lilimshauri aichome, lakini aliiweka kama ushahidi, kwa siku ile atakapokuja kumchukua binti yake. Maneno yasiyo na maana, yameshonwa ndani ya mahari: hata mimi ningefikiri ni uchawi.

"Hii iko dawa ya kufunga mutoto yangu?"

Uongo mwingi ulinijia. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeishika karatasi pande mbili, tayari kuichana.

"Mama," nikasema, "mimi iko na virusi ya SIDA. Miaka saba sasa. Hiyo karatasi ndiyo ufunguo ya kadi za bagonjwa benzangu. Ukiipasula, kuko mama moja wa mimba atakosa dawa."

Mteja alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Nilijua kwamba kabla ya jioni kaka yangu atakuwa ameambiwa, na ndivyo ilivyokuwa.

Bokilo alimtoa mteja, akafunga mlango. Kisha akanipa simu yake: nifungue hapo hapo, aone kwa macho yake. Neno la kumi na mbili lilipoingia, orodha ikaanza kushuka, nikaifunika kwa kiganja.

"Donc unanificha?"

"Hapana, Mama. Ni majina ya batu."

Nikafungua kadi moja tu, ya kwangu. Aliisoma yote, na tarehe zake. Kisha akageukia rafu za sabuni, akanipa mgongo mpaka nilipomaliza kutuma kadi kwa muuguzi, nikabadilisha neno la siri na kuitoa hifadhi yetu kwenye simu yake.

Yule mama alipata dawa siku hiyo. Mtoto wake ndiye huyo anayetupigia kelele pale nyuma. Kaka yangu hakusema nami wiki mbili. Ya tatu alikuja na makemba, ndizi za kupika, tukala pamoja, na mpaka leo tunakula pamoja.

Namshukuru muuguzi aliyekataa kubahatisha. Namshukuru mama wa kompyuta, na ananisikia: naomba msamaha kwa ile ndiyo yangu. Nanyi nawaomba, fungeni siri za watu sawasawa, lakini ufunguo usikae kwa mtu mmoja tu, hasa mtu mwenye woga kama mimi nilivyokuwa. Sasa karatasi ziko mbili. Moja siwaambii iko wapi. Nyingine niliitia ndani ya bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikampelekea bokilo. Hakuuliza kitu. Aliirudisha ndani ya Biblia yake.